Review: ernst-may-haus pale Frankfurt na lile jiko la mita za mraba sita na nusu

Wadau wa ujenzi na wapishi, hii yenu. Kama uko Ujerumani au unapita Frankfurt na una nusu siku ya kusubiri ndege, achana kwanza na yale maghorofa ya mabenki katikati ya mji, panda treni ya U1 ya kwenda Ginnheim, shuka stesheni inaitwa Römerstadt halafu ulizia Im Burgfeld 136. Utakuta nyumba ya kawaida kabisa, imeungana na wenzake kwenye safu moja ndefu, kuta nyeupe, paa bapa, na majirani wa kushoto na kulia wanaishi maisha yao kama kawaida, baiskeli mlangoni, nguo kwenye kamba. Hiyo moja tu wameirudisha ndani na nje kama ilivyokuwa inajengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakaifanya makumbusho, inaitwa ernst-may-haus. Mi kazi yangu ni kabati za jiko, nimezitengeneza Dar miaka na miaka na sa hivi nazifunga huku, na nawaambia kutoka moyoni hakuna showroom ya jiko niliyowahi kuingia, iwe ya bei ya juu au ya chini, iliyonifundisha kama hii nyumba ndogo.

Kwanza ujue kwa nini ilijengwa, maana bila hivyo utaingia utaona jiko jembamba la bluu utatoka unasema sasa ndo nini. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Ujerumani ilikuwa hoi, watu wamejazana mijini, familia nzima kwenye chumba kimoja kinacholaliwa, kinachopikiwa na kinachofuliwa, halafu ukaja mfumuko wa bei wa 1923 pesa ikawa karatasi tu. Sasa kuna kitu kilitokea hapo watu wengi hawakijui. Wenye nyumba waliokuwa na mikopo ya benki, ule mfumuko uliwafutia madeni yao yote, nyumba zikabaki zao bila kulipa chochote cha maana. Serikali ikasema haiwezekani nyie mmepata bahati ya bure na wenzenu wanalala koridoni, kuanzia 1924 ikaweka kodi kwenye hizo nyumba za zamani, na sehemu ya pesa hiyo ikaenda kujenga nyumba mpya za kupangisha. Mi naipenda sana hiyo sehemu ya hadithi, kwa sababu kila mtu anazungumzia wasanifu na rangi na madirisha lakini bila hiyo kodi pasingekuwa na hata tofali moja.

Meya wa Frankfurt wakati huo, Ludwig Landmann, 1925 akamleta Ernst May, kijana wa hapohapo Frankfurt aliyezaliwa 1886, akampa madaraka makubwa, mipango miji na ujenzi chini ya mtu mmoja. Huyu May kabla ya vita alikuwa Uingereza akifanya kazi kwa msanifu Raymond Unwin, wale watu wa miji ya bustani, yaani mitaa ya nyumba za chini zenye nafasi na bustani, ndo maana hakutaka kujenga maghorofa marefu ya kubananisha watu na viwanja vya giza katikati, alitaka kila mtu apate jua, hewa na kipande cha udongo. Ndani ya miaka mitano hivi, 1925 mpaka 1930, mji ukajenga nyumba zinazokadiriwa 12,000, na Römerstadt ilikuwa kama 1,200 kati ya hizo. Miaka mitano! Tukumbuke hakukuwa na kompyuta, ni penseli na karatasi.

Kabla hujaingia ndani ya nyumba tafadhali zunguka mtaa kwanza, usikimbilie. Römerstadt imekaa juu ya bonde la mto Nidda na barabara zake hazikunyooshwa kwa rula, zimepinda kufuata mteremko wa ardhi, unatembea na hujui kona inayofuata itakuonyesha nini. Upande wa bondeni wamejenga ukuta mrefu wa kushikilia udongo, na kila baada ya umbali fulani ukuta unatokeza mbele kama ngome, juu yake kuna miti na mabenchi, unakaa unaangalia bonde lote na chini yako viko vibustani vya watu. Bustani hazikuachwa zijipange zenyewe, alikuwepo mtaalamu Leberecht Migge, mtu aliyeamini kabisa kwamba mpangaji wa mjini anatakiwa alime mboga zake mwenyewe, na kila nyumba ya safu ina kipande chake nyuma. Ukifika Hadrianstraße nyumba zinabadilika zinakuwa za ghorofa, zimepinda kwa pamoja kama ubavu wa meli, kona zake za mviringo, hapo simama kidogo.

Kuna kitu kimoja kinaniuma kwenye mtaa huu, nakisema wazi. Baadaye, baada ya vita ya pili, walipitisha barabara kubwa ya magari, Rosa-Luxemburg-Straße, imeukata mtaa katikati, imeinuka juu na makelele yake unayasikia ukiwa umekaa kwenye ule ukuta mzuri. Watu walichora mtaa kwa kufuata mteremko hatua kwa hatua, halafu wengine wakaja na rula. Hiyo haitengenezeki tena, lakini ukienda usije ukadhani ndivyo ulivyopangwa.

Haya tuingie ndani. Nyumba ni ndogo, chini sebule na jiko, juu vyumba vya kulala na bafu. Bafu ndani ya nyumba ya kupanga, miaka ya 1920, wakati mamilioni walikuwa wanakoga kwenye beseni jikoni. Na umeme kila mahali, Römerstadt ilikuwa mtaa wa kwanza Ujerumani kuwekewa umeme kwa kila kitu, jiko la umeme, maji ya moto kwa umeme, mpaka redio ilipitishwa kwa waya ndani ya nyumba. Milango yote kipimo kimoja, fremu za chuma, vitasa aina moja, na hapo mi kama fundi nilitulia nikapapasa ile fremu kwa muda, kwa sababu sisi tunajua shida yake: unapiga kipimo cha mlango asubuhi, jioni unakuta mlango wa chumba cha pili una tofauti ya sentimita mbili kwa sababu mwashi alijisikia hivyo. Wao walikaa wakaamua mlango mmoja, dirisha moja, kabati moja, wakaagiza kwa maelfu, bei ikashuka. Kwenye mtaa wa jirani Praunheim walienda mbali zaidi, kuta zilimiminwa kiwandani vipande vikubwa vikaja kunyanyuliwa na winchi na kupangwa.

Lakini kilichonipeleka pale ni jiko. Lilichorwa 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Vienna aliyezaliwa 1897, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa Austria kusomea usanifu majengo, May alimwita Frankfurt aje kwenye timu yake. Upana wake ni kama mita 1.9 na urefu mita 3.4, yaani mita sita na nusu za mraba hivi. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kabati za pande zote mbili. Na hilo ndo lengo lake, alienda akaangalia majiko ya kwenye mabehewa ya treni ambako mpishi analisha abiria kibao ndani ya chumba kama korido, akasoma vitabu vya wale Wamarekani waliokuwa wanapima hatua za mfanyakazi kiwandani kwa saa, akahesabu hatua za mwanamke anayepika. Sinki iko wapi, jiko la kupikia liko wapi, sahani chafu inatoka wapi na safi inaenda wapi. Kutoka jiko la kupikia mpaka meza ya chakula sebuleni ni chini ya mita tatu, katikati kuna mlango wa kusukuma pembeni, unaingia na sufuria mkononi bila kupigana na mlango.

Sasa nikuambie vitu vya karibu, maana ndo raha yenyewe. Kwenye upande wa kabati kuna droo za alumini zimepangwa safu kwa safu, kila moja ina mkono wake wa kushikia nyuma na mdomo mbele, na jina limeandikwa juu yake, sukari, mchele na vinginevyo. Huichoti kwa kijiko, unaivuta yote inatoka, unaishika kama jagi, unamimina kwenye sufuria, unairudisha. Inateleza bila kukwama. Mi nimefunga droo za reli za kisasa zinazojifunga zenyewe, za pesa nyingi, na hazina akili ya ile alumini. Halafu unga haukuwekwa kwenye alumini, unga una droo yake ya mbao ya mwaloni, na sababu yake ni kwamba mwaloni una ile tanini, kemikali ya asili ya kwenye mbao, wadudu wa unga hawaupendi. Mtu aliyewahi kufungua debe la unga wa sembe akakuta fukusi anaelewa hiyo droo ina thamani gani. Meza ya kukatia ni mbao ya beech, ngumu, haishiki madoa ya haraka na kisu hakiichimbi. Yaani kila mbao imechaguliwa kwa kazi yake, hakuna mbao iliyowekwa kwa sababu ilibaki karakana.

Meza hiyo ya kukatia iko dirishani, chini kidogo kuliko tulivyozoea, kwa sababu ulitakiwa ukae. Kuna stuli inayozunguka na kupanda na kushuka. Unakaa, mwanga unatoka mbele yako, unamenya viazi, na kwenye meza yenyewe kuna mwanya umetobolewa, maganda unayasukuma kwa kisu yanadondokea kwenye droo chini, ukimaliza unaivuta droo unaenda kumwaga. Chini ya dirisha kabati lenye matundu ya hewa ya nje, la vyakula vinavyotaka ubaridi. Ubao wa kupigia pasi umekunjwa ukutani, unaushusha ukitaka. Juu ya sinki kuna rafu ya kuchomeka sahani zikachuruzika zenyewe, hakuna kufuta na kitambaa. Taa ya juu inatembea kwenye reli ya dari, unaivuta ulipo wewe, na hii nimeirudia mara nyingi kuifikiria kwa sababu majiko mengi ninayoyaona, hata ya watu wenye uwezo, taa iko katikati ya dari nyuma ya mpishi na mpishi anakata vitunguu kwenye kivuli chake mwenyewe. Rangi ni ile bluu ya kuelekea kijani, iliaminika nzi hawapendi kutua kwenye rangi hiyo. Sijui nzi walisemaje ila macho yanatulia.

Na kuna sanduku la kumalizia mapishi, limejengewa ndani ya kabati, limezungushiwa kitu cha kuzuia joto lisitoke. Unachemsha asubuhi, unaweka sufuria mle, unafunga, unaenda kazini, ukirudi chakula kimeiva. Wengine mtalijua mara moja, ni kama lile jiko la kikapu ambalo akina mama wa vikundi wanashona kwa vitambaa na sponji wanawekea maharage kuokoa mkaa. Wazo lilelile, ila hapa limewekwa kama sehemu ya nyumba ya kupanga, mpangaji haambiwi akatafute.

Hiki kitu cha mwisho ndo nataka mkishike. Jiko lote lilikuja na nyumba. Huingii na kabati zako, hununui, gharama yake iko ndani ya kodi ya pango. Yalitengenezwa kama 10,000 hivi, yote yakafungwa kwenye nyumba za watu wa kawaida, na kabla ya hapo kitu cha kuchongwa kwa vipimo vya jiko lako kilikuwa cha matajiri. Leo huku Ujerumani naona watu wanahama nyumba wanang'oa jiko wanabeba, anayeingia anakuta mabomba yamening'inia ukutani, nashindwa kuelewa jambo hilo lilipotelea wapi katikati ya safari.

Sasa tuseme ukweli wa upande mwingine. Nilisimama mle nikajiuliza, mama yangu angepikaje hapa? Kuna bibi mmoja wa makamo anayewapokea wageni, nikamuonyesha kwa mikono kazi ya kukuna nazi, kwamba mtu anakaa chini kwenye mbuzi, amepanua miguu, sinia mbele yake. Alicheka vizuri akasema hapo huyo mama atakuwa amefunga njia yote. Kweli kabisa. Kusonga ugali wa watu wanane kunataka usimame na mwiko upate nafasi ya bega. Pilau ya shughuli usahau. Na zaidi ya vyombo, sisi jikoni ni mahali pa watu, shangazi anachambua mchele, binti anamenya vitunguu saumu, mtoto anafanya homuweki miguuni, maneno yanaendelea. Jiko hili linamtaka mtu mmoja. Wawili mnagongana.

Na sio sisi tu tunaoona hivyo. Wapangaji wenyewe wa wakati ule walilalamika, wengi walizoea jiko kubwa la kukaa familia nzima, wakasema hili ni jembamba, huwezi kumwangalia mtoto, huwezi kusaidiwa na mtu. Wengine walijaribu kubana meza ya kulia mle mle. Walilalamikia pia bili za umeme. Miaka ya 1970 ikaja na wanawake waliosema jiko hili limemfungia mwanamke peke yake kwenye chumba, limemfanya afanye kazi ya kiwandani bila mshahara. Mi nadhani wana hoja nzito. Ila nawaomba msome na upande wa Schütte-Lihotzky, yeye alikuwa anahesabu saa. Alitaka mwanamke anayefanya kazi nje amalize jikoni haraka apate muda wa kusoma, wa watoto, wa siasa, wa kupumzika. Mwenyewe alikuja kusema kabla ya kulichora alikuwa hata hapiki. Inaonekana, na inaonekana kwa faida na kwa hasara: mpishi mzoefu asingekuwa na ujasiri wa kufuta kila kitu aanze na karatasi tupu, na mpishi mzoefu pia asingesahau kwamba watu hupika wakiwa wengi.

Kwa habari ya huyu mama, msimfungie kwenye jiko tu, hata yeye lilikuwa linamchosha kuulizwa jiko jiko jiko. Alichora shule na chekechea, alienda Sovieti na timu ya May 1930, baadaye akawa Istanbul, na badala ya kukaa salama akarudi Vienna kuungana na waliokuwa wanapinga Wanazi. Walimkamata Januari 1941, akafungwa, akatoka vita vilipoisha 1945. Alifariki Januari 2000, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 103. Ukijua hilo halafu ukaishika ile droo ya alumini unaishika kwa heshima nyingine.

Kosa kubwa zaidi la mradi mzima kwangu sio upana wa jiko, ni kodi ya pango. Nyumba zilikusudiwa wafanyakazi wa hali ya chini, lakini gharama za ujenzi na riba zilipanda, na Römerstadt waliomudu kuingia wengi walikuwa makarani, walimu, mafundi wenye ajira nzuri. Aliyekuwa analala na familia kwenye chumba kimoja cha mji wa kale mara nyingi alibaki hukohuko. May na wenzake walilijua hilo, wakawa wanapunguza ukubwa wa nyumba zilizofuata, na Oktoba 1929 wasanifu wa kimataifa walikutana Frankfurt kujadili nyumba ndogo kabisa ambayo mtu anaweza kuishi kwa utu wake. Mwezi uleule soko la hisa la New York likaporomoka, pesa ikakauka, na mwaka uliofuata May akaondoka na timu yake kwenda Sovieti. Hili mtu yeyote anayejenga nyumba za bei nafuu kwetu alibandike ukutani, kwa sababu tunaliona kila siku, mradi unazinduliwa kwa jina la mwananchi wa kawaida na funguo zinaenda kwa mwingine. Tofauti yake ni kwamba wale walikuwa wanapigania kushusha bei mpaka dakika ya mwisho.

Vyumba vya juu nitavipita haraka, ni vizuri, vidogo, madirisha yanaleta mwanga mwingi kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wa chumba, rangi zimetulia. Bustani ya nyuma wameirudisha kama ilivyopangwa zamani, mboga na matunda, nendeni msimu wa joto.

Sasa kwa nini nasema mtu wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kwenda. Mwenye nyumba hii, kwa maana ya mchoraji wake, aliishi kwetu. Mkataba wa Sovieti ulipoisha, 1933 Hitler alikuwa ameshika nchi na May asingeweza kurudi nyumbani. 1934 akaja Tanganyika, akawa mkulima, shamba karibu na Arusha. Huyu aliyesimamia nyumba 12,000 akawa anasimamia shamba. Miaka michache baadaye akahamia Nairobi akarudi kwenye kuchora, vita ilipokuja Waingereza wakamweka kizuizini kwa sababu ni Mjerumani, alipotoka akapewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, upande wa Kololo na Naguru. Ofisi yake ndo iliyochora Delamere Flats pale Nairobi na Oceanic Hotel ya Mombasa, na alifanya kazi Kisumu na Moshi pia. Alibuni hata nyumba ya vipande vya zege vya kuunganisha kwa ajili ya Waafrika, wazo la Praunheim limevuka bahari. Alikaa kwetu karibu miaka ishirini, akarudi Ujerumani mwishoni mwa 1953.

Sitaki kumpamba. Alikuwa anafanya kazi ndani ya serikali ya kikoloni, na mpango wa Kampala bado uliwagawa watu mitaa kwa mitaa kwa jicho la mkoloni, Mwafrika kwake. Mtu aliyepigania karani wa Frankfurt apate bafu na bustani, alipofika kwetu kipimo kilibadilika, na hilo linauma hasa kwa sababu ukiwa umesimama pale Im Burgfeld unaona kabisa alijua nyumba nzuri ni nini. Ningependa sana siku moja wanafunzi wetu wa usanifu wa Ardhi, wa Nairobi na wa Makerere wapelekwe pale, wapime kwa tepu, halafu warudi wapime alichotujengea sisi waweke michoro miwili mezani.

Kuna watu wataniuliza kama si afadhali kuliona jiko hili makumbusho mengine, maana lipo MoMA New York, lipo Victoria and Albert London, na Vienna pale MAK kuna nakala. Majiko mengi yaling'olewa kwenye nyumba watu walipotaka ya kisasa, na yaliyookolewa yametawanyika. Jibu langu, hapana, nenda Frankfurt. Kule limewekwa kwenye ukumbi kama kabati zuri, hapa unatoka jikoni unaingia sebuleni kupitia ule mlango wa kusukuma, unaona dirisha linaangalia nini, unaelewa zile mita tatu zinaanzia wapi na kuishia wapi. Jiko bila nyumba yake ni nusu ya maelezo.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda: hawafungui kila siku na masaa yao ni machache, kwa hiyo angalia mtandaoni kwanza usije ukafunga safari ukakuta pamefungwa. Nyumba ni ndogo, kikundi kikubwa kitabanana, nendeni watu wachache. Ngazi zipo, hakuna lifti, kama mzee ana shida ya magoti chini kunatosha maana jiko liko chini. Beba tepu ya kupimia kama uko kwenye fani, ila omba ruhusa kabla ya kugusa, wale watu wanazipenda hizo droo kama watoto wao na wana haki. Usiharakishe, tenga na muda wa kutembea mpaka kwenye ule ukuta wa bondeni na hata kufika Praunheim kwa miguu, ni karibu.

Nyumba yenyewe na wanaoitunza nawapa nyota tano. Jiko kama bidhaa, nikilipima na mapishi yetu, nyota nne, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya yule mtu wa pili ambaye hakuwekewa mahali pa kusimama. Mtaa na ile barabara yake ya magari, nyota nne. Sa hivi kuna mteja wangu anataka jiko jipya kwenye nyumba ndogo ya kupanga, nimeshamchorea meza ya chini dirishani na mwanya wa maganda, droo ya unga nitaitafutia mbao ngumu isiyo na harufu, na upana nimeuongeza sentimita sitini ili dada yake akija kumsaidia wapishane.